Fainali ya Arua: Kombe la Uganda la 2017 na timu iliyotoka Paidha

Kati ya misimu yote ya Kombe la Uganda ninayoikumbuka, hakuna ninaoupenda kuliko ule wa 2016/17, ambao fainali yake ilichezwa katika uwanja wa Green Light mjini Arua kati ya KCCA ya Kampala na Paidha Black Angels, timu ya daraja la pili kutoka mji mdogo wa Paidha, wilayani Zombo. KCCA walishinda mabao mawili kwa bila, na sidhani kama kuna aliyeshangazwa na matokeo hayo. Nauandika msimu huu kwa sababu nyingine. Naamini kwamba fainali ile ilitimiza ahadi ambayo kombe la mtoano huwapa watu wa mbali kila mwaka na ambayo mara nyingi huishia njiani, na tangu siku ile nimekuwa nikishikilia jambo moja: fainali ya kombe hili haina budi kuendelea kuzunguka mikoani, hata pale ambapo kuirudisha Kampala kungekuwa rahisi zaidi kwa wasimamizi.

Kombe hili lilianzishwa mwaka 1971, na kwa miaka mingi lilijulikana kama Kombe la Kakungulu, kwa heshima ya Mwanamfalme Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Buganda. Wazee wengi bado wanalitaja kwa jina hilo, ingawa leo linabeba jina la benki inayolidhamini. Utaratibu wake ni ule unaofahamika kote duniani. Klabu za Ligi Kuu huchanganywa katika droo moja na klabu za daraja la pili na zile zilizopenya kutoka ligi za mikoa, hatua ya timu 64 hupungua hadi 32, kisha 16, na kuendelea hivyo, na anayefungwa anarudi nyumbani. Bingwa hupata tiketi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho barani Afrika. Tiketi hiyo ndiyo inayozifanya hata klabu kubwa zisilidharau kombe hili, kwa kuwa timu iliyoteleza katika ligi huona hapo mlango wa pili wa kutokea.

Katika ligi, timu yenye fedha ina miezi mingi ya kurekebisha makosa yake. Ikifungwa leo huko mbali, wiki ijayo itashinda nyumbani, na mwisho wa msimu hesabu hukaa sawa. Kombe la mtoano halitoi nafasi hiyo. Klabu yenye basi lake, daktari wake na wachezaji wa timu ya taifa hujikuta alasiri moja kwenye uwanja wenye nyasi za kuokoteza, mbele ya watu waliofunga maduka yao ili waje kuitazama, ikicheza na vijana ambao hawana la kupoteza. Mara nyingi klabu kubwa hushinda hata hivyo. Lakini kule kufika kwake peke yake ni tukio, na mtoto aliyesimama kando ya mstari akamwona mchezaji aliyemsikia redioni tu habaki kuwa mtoto yule yule.

Tatizo ni kwamba kadiri mashindano yanavyosonga mbele ndivyo yanavyorudi Kampala. Katika miaka ya 1980 na 1990 kombe lilizunguka zaidi mikononi mwa SC Villa, Express na KCC (KCCA ya leo), klabu tatu za jiji moja, na watu wa mikoani walikuwa wageni katika karamu waliyoichangia. Mbale Heroes walivunja mazoea hayo mwaka 1999 walipolichukua kombe na kulipeleka mashariki, na hadi leo mtu wa Mbale akitaka kukuonyesha kwamba mji wake ni mji wa soka huanza na mwaka huo. Baada ya hapo kombe lilirudi kwa wakubwa, na wakubwa wapya wakajiunga: URA, Victors, na baadaye Vipers wa Kitende. Wengi wetu huku kaskazini magharibi tulizifuatilia fainali hizo redioni, tukisikia majina ya viwanja vya Nakivubo na Namboole kana kwamba kombe halikuwa na mahali pengine pa kukabidhiwa.

Kisha ikaja miaka miwili ya ajabu kwa West Nile, eneo letu hili la kaskazini magharibi. Mwaka 2016 Onduparaka ya Arua, ikiwa bado ni timu ya daraja la pili, ilifika fainali na kufungwa na Vipers, na mwaka huo huo ikapanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata, wakati Onduparaka wakiwa wameanza kuwasumbua wakubwa katika ligi na jezi zao zikiwa zimevaliwa na nusu ya mji, ni Paidha, timu nyingine ya West Nile na nyingine ya daraja la pili, iliyofika fainali ya kombe. Eneo moja la pembezoni lilikuwa limetoa mshindani wa fainali kwa miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili akiwa nje ya Ligi Kuu. Anayeijua historia ya eneo hili ataelewa kwa nini jambo hilo lilitugusa kuliko idadi ya mabao.

Ili kufika Arua kutoka Kampala unapita Bombo na Luweero, unavuka Nile pale Karuma, unashika barabara ndefu ya magharibi hadi Pakwach, unavuka Nile kwa mara nyingine, halafu unapanda kuelekea Nebbi. Kutoka Nebbi njia moja inakwenda Paidha, karibu na mpaka wa Kongo, katika vilima vya Waalur, na nyingine inaendelea kaskazini hadi Arua. Wakati wa vita vya waasi wa LRA, kipande kile cha Karuma hadi Pakwach kilikuwa cha kuogopwa. Magari yalivamiwa, watu waliuawa, na mabasi yalisafiri kwa misafara yakisindikizwa na wanajeshi. Watu wa umri wangu wanakumbuka jinsi familia zilivyoagana pale Arua Park jijini Kampala kama watu wanaotumwa vitani. Timu ya Kampala iliyopangiwa kucheza huku ilikuwa na sababu za kweli za kusita, na timu ya huku iliyopangiwa kucheza Kampala ilisafiri kwa hofu hiyo hiyo bila ya mtu kuihesabu kuwa ni habari. Kwa hiyo mashabiki wa KCCA walipoanza kuteremka kwenye mabasi mjini kwetu wakiwa wamevaa njano, wakiuliza mahali pa kulala na pa kula samaki, nilihisi kwamba kuna jambo kubwa kuliko mpira lililokuwa limekwisha kushinda kabla ya filimbi ya kwanza.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa soka nchini. Mwezi Januari timu ya taifa ilikuwa imecheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Gabon, kwa mara ya kwanza tangu 1978, na Denis Onyango alikuwa ametoka tu kutangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndani ya kikosi kilichokwenda Gabon alikuwamo Muhammad Shaban, mshambuliaji wa Onduparaka. Kijana anayecheza mpira Arua aliitwa kwenye timu ya taifa bila ya kuhitaji kwanza kuhamia klabu ya Kampala, na jambo hilo lilibadilisha namna wazazi wa huku walivyowatazama watoto wao waliokuwa wakirudi nyumbani jioni na magoti yenye vumbi.

KCCA nao hawakuwa timu ya kawaida msimu ule, na ni haki kulisema hilo kwa sauti kamili, kwa kuwa ukubwa wa mpinzani ndio unaopima safari ya Paidha. Chini ya kocha Mike Mutebi walikuwa mabingwa wa ligi wa mwaka uliotangulia, na msimu ule wakaitetea taji yao. Barani Afrika walitolewa katika Ligi ya Mabingwa na Mamelodi Sundowns, waliokuwa mabingwa watetezi, kisha wakashukia Kombe la Shirikisho, wakawatoa Al Masry wa Misri kwa penalti na kuwa klabu ya kwanza ya Uganda kufika hatua ya makundi ya mashindano hayo, wakipangwa na Club Africain ya Tunisia, FUS Rabat ya Morocco na Rivers United ya Nigeria. Mutebi aliwafundisha kucheza mpira wa chini, wa pasi fupi na za haraka, unaoanzia kwa kipa, na hakuogopa kuwapa nafasi vijana. Alikuwa na kipa Benjamin Ochan, beki Timothy Awany, kiungo Muzamiru Mutyaba, na mbele alikuwa na Derrick Nsibambi pamoja na Geoffrey Sserunkuma, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu huo. Timu hiyo hiyo, ndani ya msimu huo huo, ilipaswa kukabiliana na Rabat na Tunis, na pia na Paidha. Sijui mashindano mengine nchini kwetu yanayoweza kuyaweka majina hayo katika ratiba moja.

Siku ya fainali mji ulikuwa umejaa kwa namna ambayo Arua huijua siku za sikukuu tu. Bodaboda zilipanda kutoka kila upande, malori yaliyozoea kubeba tumbaku na mihogo yalibeba watu, na kando ya barabara kina mama walipanga karanga, maji na machungwa kabla jua halijapanda. Watu wa Paidha na Nebbi walifika mapema, wakiimba kwa Kialur. Wenyeji wa Arua, Walugbara kwa sehemu kubwa, walikuwa na haki ya kubaki watazamaji tu, kwa sababu Paidha si Onduparaka, na kati ya miji jirani wivu wa mpira haukosekani. Hawakubaki watazamaji. Nilisikia kwa masikio yangu Mlugbara na Mwalur wakipangana kwa Kiswahili ni wimbo gani uimbwe na upande upi, kwani Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na alasiri ile kikawaunganisha nyuma ya goli. Walikuwapo Wanubi na Wakakwa kutoka Koboko, na walikuwapo vijana wa Sudan Kusini, kwa maana West Nile wakati ule ilikuwa imepokea wakimbizi wengi mno. Makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa Agosti 2016, yalikuwa yamekwisha kuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Mtu aliyepoteza nyumba yake mwaka uliopita alikuwa amesimama karibu nami akiishangilia timu ya mji ambao huenda hakuwahi kuufika. Naliona hilo kuwa mojawapo ya mambo mazuri kabisa niliyowahi kuyashuhudia katika nchi hii.

Kuhusu mchezo wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa ulikwenda kama ambavyo mchezo kati ya timu iliyozoea Afrika na timu ya daraja la pili unavyotarajiwa kwenda. Paidha walijilinda kwa moyo, wakakimbia kuliko wapinzani wao, na kila walipouvuka mstari wa kati uwanja ulilipuka. KCCA walikuwa na subira. Mpira wa kundi la Mutebi ulijengwa katika uwanja wao wa Lugogo, wenye nyasi bandia zilizo sawa kabisa, na kwenye nyasi za kawaida pasi zile ziligota mara kwa mara, lakini wachezaji wa kiwango kile hupata njia hata ardhi isipowasaidia. Mabao mawili yalipatikana, Paidha hawakupata jibu, na KCCA wakakamilisha mwaka wao kwa mataji mawili, la ligi na la kombe. Kilichobaki kichwani mwangu ni yale yaliyofuata baada ya filimbi, pale walioshindwa walipopigiwa makofi na kushangiliwa kuliko washindi, na washindi wenyewe wakageuka na kuwapigia makofi.

Kuna wanaosema kwamba siku kama ile ni sherehe tu, na kwamba sherehe haijengi timu. Hoja hii naiheshimu, na mambo yaliyowapata Paidha baadaye yanaipa nguvu kiasi. Mwaka 2018 walipanda Ligi Kuu, jambo ambalo nina hakika lilichangiwa na ujasiri walioupata katika kombe, lakini walidumu huko msimu mmoja tu. Mwaka 2019 walishuka pamoja na Ndejje University na Nyamityobora, yaani timu zote tatu zilizopanda pamoja zilishuka pamoja. Ukilitazama jambo hilo kwa makini utaona kwamba pengo kati ya madaraja hayo mawili haliko katika vipaji. Timu ya Paidha ikicheza ugenini Kampala husafiri karibu siku nzima, hulala mahali pa bei nafuu, hucheza, kisha husafiri tena siku nzima kurudi. Timu nyingi za Kampala hupakiana basi na kufika kwenye mechi nyingi za ugenini ndani ya saa moja au mbili. Katika alasiri moja ya kombe uchovu huo unaweza kufunikwa na moyo. Katika ligi ya miezi tisa haufunikiki, na gharama yake haina wa kuilipa isipokuwa mwenye timu na wachache wanaomsaidia.

Lakini hoja hiyo haiondoi thamani ya kuzungusha fainali. Inaonyesha tu kwamba kuna kazi nyingine inayopaswa kufanyika sambamba nayo. FUFA, shirikisho la soka la Uganda, kwa sifa yao, hawakuishia Arua. Mwaka 2018 waliipeleka fainali Bukedea, katika nchi ya Wateso, ambako KCCA waliwafunga Vipers bao moja kwa bila na kuwanyima mabingwa hao wapya wa ligi taji la pili. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya Lira, katika uwanja unaobeba jina la John Akii-Bua, yule mwana wa Lango aliyeiletea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich. Pale Proline waliwashinda Bright Stars kwa penalti, na Proline msimu huo walikuwa timu ya daraja la pili. Kile ambacho Onduparaka walikikosa mwaka 2016 na Paidha mwaka 2017, Proline walikipata. Ni kweli kwamba Proline ni klabu ya Kampala, na sitajifanya kwamba ushindi wao ulinifurahisha kama ambavyo ungenifurahisha ushindi wa Paidha, lakini ulithibitisha kwamba mlango ule haujafungwa kwa timu iliyo nje ya Ligi Kuu.

Majirani zetu wa Tanzania nao walikuwa kwenye njia hiyo hiyo, na hapa tuna la kujifunza kwao, kwa sababu wao wameishikilia kwa uthabiti zaidi. Fainali yao ya kombe la shirikisho ilichezwa Arusha mwaka 2018, Lindi mwaka 2019, Sumbawanga mwaka 2020 na Kigoma mwaka 2021, na baadaye ikafika Tanga na Zanzibar. Sumbawanga na Kigoma si karibu na Dar es Salaam kwa hesabu yoyote ile. Ile ya Kigoma ilizikutanisha Simba na Yanga wenyewe, mechi ambayo kila mwenye hesabu za viingilio angependa ibaki jijini, na bado ikapelekwa kando ya Ziwa Tanganyika. Bao pekee lilifungwa na Taddeo Lwanga, Mganda aliyewahi kuichezea Vipers. Bingwa wa Arusha, Mtibwa Sugar, ndiye aliyekutana na KCCA, bingwa wetu wa Bukedea, katika Kombe la Shirikisho barani Afrika mwishoni mwa 2018, na KCCA wakasonga mbele. Nilipenda sana mkutano ule. Timu mbili zilizotawazwa mbele ya watu wa mikoani zilikuwa zikiwania nafasi ya Afrika, na hakuna aliyeweza kusema kwamba kutawazwa huko kulipunguza hadhi ya taji lolote kati ya hayo mawili.

Janga la korona lilikatisha yote hayo. Kombe la 2020 lilifutwa kabla ya kumalizika, na liliporudi mwaka uliofuata lilirudi kwa masharti, bila shangwe tuliyoizoea. Katika fainali ya 2021 Vipers waliwafunga BUL mabao manane kwa moja, matokeo ambayo katika fainali yoyote ni ya kuumiza, na ambayo klabu nyingi zingehitaji miaka kuyasahau. BUL, timu ya Jinja, walihitaji mwaka mmoja. Mwaka 2022, chini ya kocha Alex Isabirye, walirudi fainali wakakutana na Vipers wale wale, wakati huo wakifundishwa na Mbrazili Robertinho, ambaye wasomaji wa Tanzania watamkumbuka kwa kazi yake Simba, na wakawafunga matatu kwa moja. Nawaomba vijana wanaodhani kwamba mpira wa Uganda hauna hadithi wazitafute fainali hizo mbili na kuzitazama moja baada ya nyingine. Kisha mwaka 2024 Kitara ya Hoima ikaifunga NEC na kulipeleka kombe magharibi. Kitara hiyo ilikuwa na Denis Omedi, mshambuliaji ambaye bao lake dhidi ya KCCA mwaka huo huo lilifika katika orodha ya FIFA ya kuwania tuzo ya Puskás, ile ya bao bora la mwaka. Mbale, Jinja na Hoima zimekwisha kulishika kombe. West Nile bado, licha ya kufika fainali mara mbili mfululizo, na sitaficha kwamba ningependa kuliona likivuka daraja la Pakwach likiwa mali yetu.

Najua hoja za wanaotaka fainali ibaki katika viwanja vya jiji. Namboole imekarabatiwa na kutumika katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ndani, Nakivubo imejengwa upya, na picha za televisheni hupendeza zaidi kwenye uwanja wenye taa na nyasi zilizotunzwa. Wachezaji pia wana haki ya kucheza mechi kubwa kuliko zote za msimu wao kwenye uwanja usiowavunja vifundo vya miguu. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo pekee ninayoiona kuwa nzito, na jibu lake liko mikononi mwa halmashauri za miji yetu. Arua imekuwa jiji rasmi tangu 2020, na jiji lisilo na uwanja wa umma wenye nyasi nzuri, vyoo vinavyofanya kazi na uzio unaozuia msongamano wa hatari halijajiandaa kuishi na vijana wake. Fainali inayozunguka huwapa viongozi wa wilaya tarehe ya kufanya kazi hiyo. Uwanja ulioandaliwa kwa ajili ya fainali hubaki pale baada ya mabasi ya Kampala kuondoka, na ligi ya wilaya na mashindano ya shule huutumia kwa miaka inayofuata. Bila ya fainali, ahadi ya uwanja husubiri kampeni ya uchaguzi ujao, na sote tunajua husubiri kwa muda gani.

Jambo la pili ninalolitaka ni dogo kwa fedha na kubwa kwa haki. Timu ya daraja la pili au ya ligi ya mkoa inayosonga hatua kwa hatua katika kombe hutumia nauli, chakula na malazi kuliko bajeti yake ya kawaida inavyoruhusu, na ushindi wake wenyewe ndio unaoitia deni, kwa kuwa kila inaposhinda inaitwa kusafiri tena. Wadhamini na shirikisho wangeweza kuweka fungu la usafiri linalokokotolewa kwa umbali, ili timu inayotoka Paidha, Moroto au Kisoro kwenda kucheza Kampala isilinganishwe na ile inayovuka mitaa michache kutoka Lugogo kwenda Wankulukuku. Zawadi ya bingwa ikipunguzwa kidogo ili fungu hilo lipatikane, sidhani kama kuna bingwa atakayeharibikiwa. Na timu za mbali zikifika kwenye mechi zikiwa zimelala usingizi mzuri, fainali kama ile ya 2017 inaweza kwenda tofauti, na pengine mabao mawili yakafungwa upande wa pili.

Droo ya msimu ujao ikitoka nitaitafuta kwanza mistari yenye majina ya timu za West Nile, kama ninavyofanya kila mwaka, na nitawaandikia hapa ni nani amepangwa kuja kucheza huku na ni nani wa huku anayepaswa kuianza safari.